Msumeno ukinguruma wenyewe, kabureta si mshitakiwa wa kwanza

Swali: Fundi, assalaam aleikum. Niko Matondoni, Lamu. Kazi yangu ni kuwakatia magogo mafundi wa majahazi, zaidi miembe iliyozeeka na mivinje, na minazi inayoanguka mashambani. Msumeno wangu ni wa injini, ya sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) sitini na kitu, niliununua mtumba na umri wake siujui ila ni mzee. Asubuhi unawaka vizuri. Nikishakata kidogo ukapata moto, nikiachia mafuta hautulii, unabaki unalia juu na mnyororo unazunguka. Nikiulaza ubavu kukata gogo karibu na ardhi, unapandisha sauti ghafla kisha unazima, na hapo hauwaki tena hadi upoe. Fundi wa kwanza alicheza na skrubu, ukakaa sawa siku chache ukarudia. Wa pili anasema kabureta imekwisha, ninunue mpya. Mafuta natumia yale yale ya kuchanganya ya mashine ya boti. Nisaidie.

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pesa ya kabureta iache mfukoni kwanza. Dalili zako ukizitazama pamoja, yaani kulia juu ukiachia mafuta, kupandisha sauti ukilazwa, na kugoma ukiwa moto, zote zinaelekeza mahali pamoja: injini inavuta hewa kupitia mahali ambapo hewa haikupaswa kupita. Kwa msumeno wa umri huo, mahali penyewe mara nyingi ni oili sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), au ule mpira unaounganisha kabureta na silinda. Kabureta hulaumiwa kwa sababu ndiyo yenye skrubu, na mtu akishika bisibisi hutafuta skrubu.

Kabla sijaendelea, msumeno ambao mnyororo wake hausimami ukiachia mafuta haufai kazini, hata kwa kumalizia gogo moja. Ukiuwasha kwa ajili ya vipimo nitakavyokueleza, uwe mahali peupe, upanga wa mnyororo ukitazama mbali na watu, na swichi uwe umeshaijaribu kwamba inazima. Siku swichi ikikataa, vuta choki. Petroli itazidi na injini itakufa.

Sasa kwa nini nasema hewa. Injini ya msumeno haina oili yake ya peke yake chini kama ya gari. Oili inakwenda ndani ya petroli, na mchanganyiko huo unapita kwanza kwenye chumba cha krenki kabla ya kufika juu ya pistoni. Pistoni ikipanda, chumba kile kinanyonya kutoka kabureta. Ikishuka, kinasukuma juu. Krenki yenyewe imetokeza pande mbili, upande mmoja imebeba flaiwili (gurudumu lenye sumaku na mapezi) na upande wa pili klachi inayozungusha mnyororo, na kila upande umezibwa kwa oili sili, kipete cha mpira chenye mdomo mwembamba unaobana chuma kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mdomo ukikauka au ukilika, kila pistoni inapopanda hewa inaingia pale. Hewa hiyo haikupita kabureta, kwa hivyo haikubeba petroli, na lililo baya zaidi, haikubeba oili. Injini inakimbia kwa sababu mchanganyiko umekauka, na huku inakimbia inajichoma. Mimi huiita hewa ya wizi.

Asubuhi huioni, kwa sababu choki inabana hewa ya kabureta na kuongeza petroli, kasoro ikafichika. Ukipata moto, mpira uliozeeka haufuati tena chuma. Ukiulaza, uzito wa klachi na krenki unaegemea upande mmoja. Beringi ikiwa imelegea hata kidogo, krenki inasogea na mdomo wa sili unafunguka. Au ni ule mpira wa kabureta: misumeno mingi imegawanywa sehemu mbili, injini huku, tangi na mikono kule, na katikati kuna mipira ya kupunguza mtetemo. Mipira hiyo ikichoka, ukiulaza msumeno injini inaning'inia, mpira wa kabureta unavutwa, na ufa ambao ukiwa wima haukuonekana unapanuka.

Yule fundi wa kwanza alifungua skrubu akaongeza petroli, ikalingana na ile hewa ya wizi kwa siku zile chache. Ni sawa na jahazi linalovuja ukaongeza watu wa kukumba maji badala ya kutia kalafati: tobo liko pale pale na linakua. Isitoshe, tobo lenyewe hubadilika kwa joto na kwa jinsi unavyoushika msumeno, kwa hivyo hakuna mahali skrubu itakapokaa ikafaa hali zote.

Lakini mimi niko Malindi, msumeno uko Matondoni, na kwa maneno matupu siwezi kuapa. Kwa hivyo anza na kisichogharimu kitu: masikio. Injini husema imekufa kwa nini ukiisikiliza wakati inakufa. Ikikatika ghafla katikati ya mlio, kama mtu amezima swichi, bila kupanda wala kushuka kwanza, hilo ni jambo la umeme. Shuku koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, au waya wa swichi uliochubuka unaogusa bodi. Ikipanda sauti ikawa nyembamba na kali kisha ikafa, petroli imepungua au hewa imezidi, na ndivyo unavyoieleza yako. Ikididimia polepole ndani ya mti huku ikitoa moshi na kugugumia, petroli imezidi, au kichujio cha hewa kimeziba, au wavu wa eksozi umejaa masizi. Na ikifa baada ya dakika chache za kazi, ukafungua kifuniko cha tangi ukasikia pumzi inaingia, kisha ikawaka na kwenda vizuri, kasoro ni kipumulio cha tangi kilichoziba. Hicho husafishwa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Kuna kimoja kinachofanana sana na chako, nacho lazima ukitoe njiani. Ndani ya tangi kuna mpira wa mafuta wenye kichujio mwishoni, na kichujio hicho hulala chini kufuata petroli popote inapokwenda. Mpira ukishakuwa mgumu kwa uzee, haufuati tena. Ukiulaza msumeno, kichujio kinabaki hewani. Jaza tangi hadi juu, kisha ulaze injini ikiwa imetulia, upande wa klachi, halafu upande wa kamba, halafu pua chini. Tangi likiwa limejaa na bado inapandisha sauti upande mmoja, kichujio hakina hatia. Na ukumbuke ni upande gani, maana utakusaidia mbele.

Tuje kwenye mafuta, na hapa nitakugombeza kidogo. Oili ya mashine ya boti, ile yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Msumeno wako unapozwa na upepo wa mapezi ya flaiwili tu, na silinda yake hupata joto kubwa kuliko la boti. Kwenye joto hilo oili ile huacha gundi na masizi, yanaganda kwenye mfereji wa ringi ya pistoni, ringi inakwama isibane ukuta wa silinda, na mgandamizo unashuka. Boti na msumeno haziwezi kunywa kutoka mtungi mmoja. Tafuta oili ya injini ndogo zinazopozwa na hewa. Kwenye chupa angalia maandishi JASO FD, au walau FC. Kipimo cha oili nzuri ya namna hiyo ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita tano. Ukiwa huna uhakika na oili uliyouziwa, weka 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita. Moshi utazidi na plagi itachafuka mapema, lakini pistoni itapona. Pima kwa sirinji au chupa yenye alama. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoleta injini kwenye meza yangu.

Petroli nayo. Yenu inavuka maji ndani ya mitungi, na mtungi unaofunguliwa na kufungwa kwenye hewa ya chumvi hukusanya maji. Mimina kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, iache itulie. Maji yatakaa chini na utayaona mpaka wake. Ya pili ni mafuta taa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuyachanganya, lakini petroli ya kwenye chupa za dukani kijijini bado ichunguze. Kabla hujatia oili, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ikaondoka. Mafuta taa huacha doa la mafuta linalokaa. Petroli iliyochakachuliwa huifanya injini igonge ndani na kuchemka, halafu huwaka kwa shida ikiwa moto, ukadhani ni kabureta. Mwaga iliyomo kwenye tangi, safisha, tia mpya.

Baada ya hapo, kabla hujanunua kipuri chochote, tazama pistoni. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote na wengi hawakifanyi, ilhali kinahitaji spana moja na tochi ya simu. Fungua eksozi, ni boliti mbili au tatu tu, uitoe na gasketi yake. Utaona dirisha kwenye ukuta wa silinda. Toa plagi ili injini isipinge, kisha vuta kamba taratibu mpaka pistoni iendelee kupanda na kushuka mbele ya dirisha. Ubavu mzuri wa pistoni una rangi ya kijivu na mistari myembamba ya kulala ya kiwandani, na ringi inang'aa mzunguko mzima unaouona. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, ya juu kwenda chini, upande huu wa eksozi, pistoni imeshaguswa na joto: oili ilipungua, ama kwa hewa ya wizi, ama kwa mchanganyiko hafifu. Mikwaruzo ya namna hiyo ikiwa zaidi upande wa kabureta, ambao utauona ukitoa kabureta, sababu ni vumbi lililopita kwenye kichujio cha hewa kilichotoboka. Chukua kijiti cha mti laini uibonyeze ringi kidogo kupitia dirishani. Ringi iliyo hai huingia na kurudi. Isiporudi imegandishwa na ile gundi niliyoitaja. Masizi ya kwenye dirisha yakwangue kwa kijiti hicho hicho, pistoni ikiwa imeliziba dirisha, kamwe si kwa bisibisi.

Mikwaruzo ikiwa hafifu, kucha haiishiki, endelea. Ikiwa mirefu na mizito, itakubidi uweke pistoni na ringi, pengine na silinda, ila usifanye hivyo kabla ya kuziba hewa. Pistoni mpya ndani ya injini inayovuja itakwenda njia ile ile ya mwenzake.

Mgandamizo upime kwa kuning'iniza. Rudisha plagi, zima swichi, shika mpini wa kamba na uache msumeno wenyewe uning'inie kwa uzito wake, ukiwa karibu na ardhi. Injini iliyo na afya hushuka kwa kusitasita, ikishika na kuachia. Iliyochoka huteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Rudia ikiwa moto, kwa sababu malalamiko yako ni ya moto. Mwenye geji ya kupimia akiwepo, namba ya karibu na psi 150 ni ya kufurahia. Ikishuka chini ya 110 hivi, kugoma ikiwa moto hakuhitaji maelezo mengine.

Sasa hewa yenyewe. Karakana kubwa zina pampu maalumu. Sisi tunaweza kutumia mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mshale na kipira cha kubonyeza, hata kuukuu ilimradi mshale wake unafanya kazi. Pampu za kitaalamu hupima kwa baa 0.5 hivi, mshale wa daktari unaishia 300 (milimita za zebaki), ambayo ni baa 0.4, na kwa kazi hii inatosha. Kwanza bana mpira wake kwa vidole na uujaze ujue kama wenyewe hauvuji, usije ukaitafuta kwenye injini kasoro iliyo kwenye pampu.

Toa kabureta. Kata kipande cha bati nene kinacholingana na uso wa pale kabureta ilipokaa, ukipachike na kipande cha tyubu ya gari kuwa gasketi, na kwenye bati utoboe uweke shina la valvu ya tyubu ya baiskeli lililotolewa kile kipini cha ndani. Hapo ndipo utakapopandisha hewa. Kama kuna kitundu kidogo pembeni, au kimpira chembamba, kinachopeleka pigo la injini kwenye pampu ya kabureta, kizibe nacho. Upande wa eksozi weka kipande cha tyubu chini ya eksozi na uikaze. Plagi iwe mahali pake. Vuta pistoni ipande hadi juu, kwa sababu ikiwa juu ndipo mlango wa kabureta unapokuwa wazi kwenda chumba cha krenki. Ikiwa chini utakuwa unapima mpira wa kabureta peke yake. Flaiwili na klachi si lazima uvitoe kwanza, majibu ya kipimo yatakuambia.

Jaza hadi karibu na 300, ushikilie. Mshale ukisimama dakika nzima, injini imeziba kwa upande huo wa kipimo. Ukiteremka ukiuona, chukua maji ya sabuni mazito na brashi, paka nyuma ya klachi, nyuma ya flaiwili, shingo ya mpira wa kabureta, kiungo cha silinda na bodi, mshono wa bodi yenyewe, na mzunguko wa plagi. Povu litaonyesha. Upande ule injini ilipopandisha sauti ikilazwa, paka mara mbili. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta injini ikiwa inanguruma, wakasikiliza itakapobadilika sauti. Inafanya kazi, na imewachoma watu. Mimi simshauri mtu kumwagia petroli chuma cha moto.

Bado hujamaliza, na hapa ndipo mafundi wengi hukosa jibu. Mdomo wa oili sili unatazama ndani. Ukiujaza hewa kutoka ndani, hewa hiyo inaukandamiza kwenye chuma, hivyo sili iliyochoka inaweza kushika presha vizuri kabisa. Inavuja pale inaponyonywa. Ondoa kipira, weka sirinji kubwa ya mililita 60 kwenye valvu ile ile, vuta, bana, angalia kama kijiti cha sirinji kinarudishwa na kubaki kinarudishwa. Ukivuta nusu ukakiachia baada ya dakika moja nacho hakina hamu ya kurudi, hewa imeingia mahali. Presha ilishika na unyonyaji haukushika? Ni oili sili, karibu kila mara.

Kuzibadilisha si kazi ya kutisha ukijua mitego miwili. Klachi ya misumeno karibu yote ina uzi wa kushoto: inafunguka ukizungusha kufuata saa. Watu wamevunja krenki kwa kukazana kuilegeza upande inapokazikia. Ya pili ni namna ya kuzuia pistoni wakati unafungua. Usitie bisibisi kwenye tundu la plagi. Tia kamba safi, ya pamba au nailoni laini, pistoni ikiwa imeshapita dirisha la eksozi kuelekea juu, uijaze mpaka pistoni ikwame kwenye kamba. Hapo utafungua klachi na nati ya flaiwili bila kuumiza kitu. Flaiwili ina kijifunguo kidogo cha nusu mwezi, kikipotea au kikikatika cheche zitakuja kwa wakati usio wake. Na mapezi yake usiyagonge kwa nyundo.

Ukishaifikia krenki, ishike kwa vidole ujaribu kuisogeza juu chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na kuweka sili mpya juu ya beringi hiyo ni kujipa kazi ya kurudia. Isipocheza, toboa sili kuukuu kwa skrubu ndogo ya mbao kwenye uso wake, ivute na koleo, ukijihadhari usikwaruze chuma. Safisha kutu ya chumvi kwenye shimo lake. Sili mpya ipake grisi kwenye mdomo, funga uzi wa krenki kwa utepe wa plastiki usiukate mdomo, upande wenye kispringi utazame ndani, kisha isukume sawasawa kwa kipande cha bomba hadi kina kile kile cha ya zamani. Namba zake zimechapwa juu yake, tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Mpe mtu anayeshuka Malindi au Mombasa ile kuukuu yenyewe mkononi; maduka ya beringi huwa nazo, na hazikaribii bei ya kabureta.

Mpira wa kabureta ukiukunja ukaona nyufa, badilisha. Usiupake silikoni wala gundi ya viatu. Petroli huilainisha silikoni, vipande vinaingia ndani, na umeongeza tatizo.

Hapo sasa ndipo ifike zamu ya kabureta, na bado sisemi mpya. Ifungue, angalia kichujio chake cha wavu, kidogo kama ukucha wa mtoto, kisha bonyeza diaframu, kile kiwambo chembamba cha ndani. Iliyo hai ni laini kimya. Iliyokufa ni ngumu na inatoa mlio wa karatasi. Nunua seti ya diaframu na gasketi zake, mara nyingi ndicho kinachohitajika. Kabureta ya awali yenye seti mpya ninaiamini kuliko nakala mpya ya bei rahisi, ambayo nyingine zinakuja na matundu yasiyolingana na injini yako.

Kuseti: funga skrubu ya L (ya mwendo wa chini) na ya H (ya mwendo wa juu) taratibu hadi ziguse, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Kwa misumeno mingi ya zamani huo ni mwanzo mwema. Kitabu cha modeli yako kikipatikana, kifuate. Kichujio cha hewa kiwe safi na kimefungwa. Washa, ipate moto. Tafuta kwa L pale inapotulia na kuitikia mafuta bila kukwama. Kisha ile ya tatu, ya mwendo wa kutulia, ipunguze mpaka mnyororo usimame kabisa. H ndiyo yenye pistoni yako mkononi. Bonyeza mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache ukiwa hukati: unataka usikie mlio wenye kugugumia kidogo, usio safi. Ukiingia kwenye mti, gugumio liondoke. Likiondoka kabla hujagusa mti, H imefungwa sana, ifungue robo. Anayeseti kwa kutafuta mlio mkali na mwembamba anaseti siku ya kununua pistoni.

Cheche sikuzisahau. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.5. Kati ya koili na sumaku za flaiwili, kutu ya chumvi ikwangue, halafu pitisha kadi ya biashara katikati unapokaza koili. Unene wake unatosha. Hao wenye Stihl 070, lile dude la sisi 106 la kupasulia mbao, zile za zamani zaidi zina platini (swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche), nazo hula umeme zikichafuka, lakini yako ya sisi sitini sidhani.

Na mnyororo. Mnazi una ganda gumu na mchanga umejazana kwenye magamba yake, unatafuna makali haraka. Ukiona unatoa unga badala ya vipande, noa kabla ya kulaumu injini. Mnyororo butu unakufanya uegemee, na injini inachemka.

Ukishapima presha na unyonyaji vyote vikashika, basi hewa haina kesi. Hapo kata mpaka uzime ukiwa moto, na pale pale, kabla haujapoa, toa plagi uitazame. Ikiwa kavu na nyeupe, rudi kwenye mafuta: mpira wa tangi, kichujio, diaframu. Ikiwa imelowa petroli, ichomeke kwenye kofia yake, iguse bodi mbali na tundu la silinda, uvute kamba kivulini. Cheche zikikosekana moto ukiwemo na zikarudi msumeno ukipoa, agiza koili.